MREJESHO: Tetea aliyekuwa akiongezewa mayai na wenzake

Wakuu, niliuliza kuhusu tetea wangu wa kienyeji anayeatamia huku wenzake wakimpanda na kutaga kiotani mwake. Kama mlivyonishauri, nilimhamisha usiku hadi stoo, nikamwachia mayai yake ya mwanzo tu, yale yenye alama ya mkaa.

Siku ya 21 vifaranga wakaanza kudonoa. Mmoja alitoboa ganda asubuhi, akakwama hivyo hadi usiku. Mke wangu alitaka kumbandua, nikakataa: mishipa ya damu ya utando wa ndani ya ganda isipokauka, kifaranga huvuja damu hadi kufa. Katoka mwenyewe! Maji nimeweka kwenye kisahani chenye kokoto wasizame. Chakula hawana haraka nacho, kiini cha yai bado kiko tumboni kinawalisha. Mayai mawili yalikuwa viza. Aliyeshauri majivu kiotani kwa ajili ya utitiri, asante, mama katulia kabisa.