Naomba ushauri: nimpe binti kitabu cha tatu au nikifiche?

Wakubwa shikamooni. Mimi ni shangazi, nipo Kampala, na kwa Waganda ssenga (shangazi) ndiye anayeulizwa mambo ya binti, kwa hiyo mzigo ni wangu.

Binti wa kaka yangu, miaka 14, amemaliza vitabu viwili vya kwanza vya The Hunger Games, riwaya ambamo vijana hulazimishwa kuuana uwanjani. Cha pili kinaishia pale Katniss, msichana mhusika mkuu, anapoambiwa wilaya yao imeteketezwa. Tangu hapo simu haipumziki: "Shangazi, cha tatu!" Nimekipata Mockingjay kwa muuza mitumba, shilingi 15,000, jalada limeshikwa na seloteipu. Nikakisoma kwanza. Bora nisingekisoma.

(Ambaye hajakisoma aruke hapa.) Prim anakufa. Yule mdogo wake Katniss, ambaye Katniss alijitolea kuingia uwanjani badala yake tangu kitabu cha kwanza! Tena ni kwa mabomu ya miavuli midogo (parachuti), miavuli ileile iliyokuwa ikileta dawa na chakula.

Mwaka jana binti yetu alifiwa na mdogo wake kwa malaria kali. Hadi leo kandambili za marehemu ziko chini ya kitanda, na hakuna anayethubutu kuzitoa.

Shule za bweni zinafungua Jumatatu. Nikimpa aende nacho, atafika ukurasa ule usiku, bwenini, peke yake. Nikimnyima, ataazima kwa wenzake. Nimwambie mapema? Tusome pamoja? Mliolea watoto waliofiwa, mlifanyaje?