IgE ya sumu ya nyuki ikiwa ndogo, hatari nayo ni ndogo?

Mrina wa Sikonge
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mdogo wangu amerina asali zaidi ya miaka kumi na ameumwa na nyuki mara zisizohesabika. Mwezi uliopita, tukiwa chini ya mzinga wa gogo, aliumwa na nyuki mmoja tu shingoni, na kabla sijamaliza kuukwangua mwiba kwa ukucha alikuwa ameketi chini, jasho likimtiririka, midomo imepauka, akisema haoni vizuri, kisha akazimia. Kilichonishangaza ni kwamba hakutoka vipele hata kimoja. Zahanati ilimwokoa kwa sindano ya adrenalini, na baadaye daktari akamwandikia vipimo viwili vya damu: IgE (kingamwili za mzio) ya sumu ya nyuki na triptesi. Jibu la IgE limerudi chanya, lakini kiwango ni kidogo, naye ameshafua nguo zake za kazi akidai kwamba hatari nayo ni ndogo. Je, ni kweli? Na hicho kipimo cha pili, ambacho sampuli yake lazima isafirishwe mbali na bei yake si ya mchezo, kina kazi gani?

Fundi wa Maabara
Poleni sana. Mwambie nguo hizo azitundike kwanza. Kipimo cha IgE hujibu swali moja tu, kwamba mwili umekwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya sumu ya mdudu huyo au la. Ukali wa tukio lijalo hakiujui. Warina asali wengi wanazo kingamwili hizo na wakiumwa huvimba kidogo tu, ilhali wapo wenye kiwango kidogo walionusurika kufa. Ulizia pia damu ilitolewa lini, kwa sababu katika wiki za mwanzo baada ya kuumwa kiwango huweza kuwa chini, na ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6.

Triptesi ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za masti, zile zinazomwaga histamini wakati wa mzio. Daktari anataka kujua kiwango cha mgonjwa akiwa mzima, angalau saa 24 baada ya dalili zote kwisha. Maabara nyingi huchukulia hadi mikrogramu 11.4 kwa lita kuwa kawaida. Kiwango cha juu zaidi huashiria uwezekano mkubwa wa mshtuko mkali, na kikipita 20 hutafutwa mastositosi, yaani ugonjwa wa seli hizo kuzidi mwilini. Mtu kuanguka ndani ya dakika chache bila vipele ndiko hasa kunakowafanya madaktari waushuku ugonjwa huo, kwa hiyo kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, mimi ningelipia hiki.

Muuguzi wa Dharura
Naongezea jambo ambalo sisi wa mapokezi husahau kila mara. Damu ya triptesi ikichukuliwa saa moja au mbili baada ya tukio, ikalinganishwa na ile ya siku ya uzima, hutoa ushahidi kwamba lilikuwa shambulio la mzio. Zidisha kiwango cha uzima kwa 1.2, kisha ongeza 2: mwenye 5 akifikisha 8 siku ya tukio, basi seli zilimwaga. Ila adrenalini haisubiri damu.

Mkazi wa Ujerumani
Mimi huku niliumwa na nyigu, na IgE yangu ikaonyesha chanya kwa nyigu na kwa nyuki pia. Ikabidi wapime protini moja moja, Api m 1 ya nyuki na Ves v 5 ya nyigu, ndipo wakajua waniandalie sindano za sumu ipi, za kuuzoesha mwili kidogo kidogo. Tiba hiyo huchukua miaka 3 hadi 5. Triptesi yangu ilikuwa ya kawaida kabisa na bado nilizimia, kwa hiyo namba nzuri isimrudishe mtu mzingani. Zaidi ya hayo, triptesi ya juu yaweza kuwa ya kurithi; ya mdogo wako ikizidi, nawe upimwe.

Mrina wa Sikonge
Nashukuruni nyote. Nimeangalia karatasi: damu ya IgE ilitolewa siku ya tano, kwa hiyo itarudiwa, na ya triptesi tutaipeleka Jumatatu. Kwa sasa nimempa kazi ya kuchuja asali ndani ya nyumba, milango ikiwa imefungwa, na amenuna.