Nikitafsiri muvi za mashujaa, nichekeshe au niache uzito wake?

Mtafsiri wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Wazee wangu mliomo humu, shikamooni. Nina jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa na hapa mtaani sina wa kumuuliza.

Nina banda la video Uyole, karibu na barabara inayokwenda Tukuyu. Mabati, mabenchi kumi na moja, projekta, subufa mbili na maiki. Mwisho wa wiki mchana naweka muvi za mashujaa, kiingilio shilingi 300, na natafsiri mwenyewe hapohapo muvi ikiwa inatembea. Watoto wengi wanaokuja hawajui Kiingereza, kwa hiyo wanachokisikia ni mimi. Stelingi akicheka, kicheko ni changu. Akimlilia mtu, kilio ni changu. Mwaka wa sita huu, na kazi hii sijaichoka hata siku moja.

Niliingia kwenye kazi kwa kusikiliza muvi zilizotafsiriwa Dar. Nilichokishika mimi ni kwamba banda lisinyamaze, maana likinyamaza watu wanaanza kuchungulia nje. Basi kila muvi ilipozama kwenye majonzi nilikuwa nachombeza neno, watu wanacheka, tunaendelea.

Jumamosi ya kwanza ya Juni nikaweka Spider-Man ile ya 2002, ya Tobey Maguire. Baridi ya Uyole mwezi wa sita mnaijua. Watoto walikuja na mashuka ya kitandani, wengine wamejitanda vitenge vya mama zao mpaka kichwani, banda zima linanukia viazi vya kukaanga. Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Peter, ambaye ndiye Spider-Man, anaingia ulingoni na mavazi aliyojitengenezea mwenyewe, mtangazaji analikataa jina alilojichagulia na kumpa jingine papo hapo, watoto hoi. Analishinda lile jitu, halafu mwenye ulingo anamdhulumu: ahadi ilikuwa dola 3,000, anampa 100. Mara mwizi anazikwapua pesa za mwenye ulingo, anapita mbele ya Peter, na Peter kwa uchungu wa kudhulumiwa anamwachia apite. Huko nje mwizi yuleyule anampiga risasi mzee Ben, ndugu wa baba yake Peter, aliyemlea Peter. Peter anapiga magoti barabarani, kamshika mkono.

Nikasema kwenye maiki: "Mzee amelala, mwamsheni akanywe chai." Banda likalipuka kwa kicheko.

Benchi la mbele alikaa mtoto wa darasa la nne, ana sweta la shule linalomzidi, mikono imepita vidole. Yeye hakucheka. Aliingiza ncha ya mkono wa sweta mdomoni akaing'ata, macho yako palepale ukutani. Kisha akainuka akatoka, akaliacha shuka lake kwenye benchi. Mama anayekaanga viazi mlangoni ndiye aliyeniambia baadaye: baba yake aligongwa na lori mwezi wa nne, wakamkuta amelala kando ya lami. Mtoto hajarudi. Shuka lake ninalo, la maua ya bluu, nimelikunja nimeliweka juu ya subufa.

Sasa nauliza. Vijana wa Mafiati wanaokuja usiku wanataka Batman wa giza tu, wanasema utani ni utoto. Wengine wananiambia mtu kavaa chupi juu ya suruali, uzito wa nini, wewe chekesha watu. Nyinyi mnaozijua muvi hizi kwa muda mrefu, zinatakiwa ziwe nzito au nyepesi? Na mimi nikishika maiki nifuate ipi?

---

Mzee wa Mwanjelwa

Marahaba, kijana wangu. Pole, na pole zaidi kwa huyo mtoto.

Mabishano hayo ni ya siku nyingi kuliko umri wako. Superman alitoka mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Kwenye kurasa zile za kwanza anamkamata mwanaume anayempiga mke wake, na muda si mrefu anamtia adabu mwenye mgodi asiyejali uhai wa wachimbaji. Hayo si mambo ya kuchezea. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani, baada ya kuhojiwa na Seneti kwamba wanaharibu watoto, wakajiwekea kanuni kali, na vitabu vikalegea sana. Ndipo mwaka 1966 ikaja Batman ya televisheni, akiicheza Adam West, ngumi ikitua linaandikwa neno la kishindo kwenye skrini. Ilikuwa vichekesho mwanzo mwisho na watu waliipenda, mpaka wengi wakaamini Batman ni kichekesho. Michael Keaton alipotangazwa kuwa Batman kwa picha ya 1989, kwa kuwa alifahamika kwa kuchekesha, studio ililetewa maelfu ya barua za kupinga. Picha ilipotoka wakanyamaza wenyewe.

Halafu 1997 wakatoa Batman & Robin, utani juu ya utani, ikasemwa vibaya kila mahali, na Batman hakuonekana tena sinema mpaka 2005. Watu wakasema utani ndio uliomuua. Mimi sikubaliani nao. Nimeitazama mara tatu ile picha, tatizo lake ni kwamba ndani yake hakuna mtu anayeogopa kitu. Mji unagandishwa kwa barafu na hakuna mwenye wasiwasi. Sasa mimi mtazamaji niogope nini?

Na tazama mwaka 2008. Iron Man ilitoka Mei, imejaa masihara. The Dark Knight, ya Batman, ikatoka Julai, Heath Ledger akicheza Joker, na anayecheka mle ndani ni yule unayemwogopa. Ledger alikuwa ameshafariki Januari ya mwaka huohuo, Oscar akapewa marehemu. Picha mbili, hazifanani hata kidogo, na zote zilipendwa. Kwa hiyo anayekwambia njia ni moja hajazitazama vizuri.

Kuhusu hiyo chupi, waambie Man of Steel ya 2013 waliivua ili Superman aonekane mzito, na ya 2025 wameirudisha. Nguo haijawahi kuwa hoja.

Mimi kwangu mwalimu wa haya ni Superman ya 1978, Christopher Reeve. Clark, yaani Superman akijifanya mtu wa kawaida, anavyojikwaa na kubabaika ofisini unacheka mpaka machozi. Lakini kabla ya hapo baba aliyemlea anaanguka uani kwa moyo, na kijana makaburini anasema kwamba kwa nguvu zote alizonazo hakuweza kumwokoa. Hakuna mzaha unaofuata pale. Pana upepo, nyasi na mama amesimama. Wameliacha jambo likae mahali pake, halafu kucheka kukaja kwa zamu yake. Fanya hivyo, mwanangu.

---

Dereva wa Tunduma

Mkuu pole, lakini mimi nasema chekesha. Mtu amekesha kwenye foleni ya malori mpakani siku mbili, hajalala, hajaoga, anaingia bandani kwa 500 yake. Majonzi anayo ya kutosha kwake. Mimi ile Thor ya 2017 nimeirudia sijui mara ngapi, na ile ya 2013 iliyojikunja uso nilisinzia. Yule mtoto ni mmoja, banda lina watu sitini.

---

Binti wa Kihesa

Shikamoo mzee wa Mwanjelwa, umetufungua. Kaka wa Tunduma, uchovu wako nauelewa, baba yangu alikuwa dereva wa masafa. Lakini hilo la "mtoto ni mmoja" limenichoma. Hawa mashujaa ndiyo kazi yao, kusimamisha kila kitu kwa ajili ya mmoja.

Mimi ni wa Iringa, na kwetu habari ya shujaa unaisikia kabla hujajua kusoma. Babu alikuwa akitusimulia Mkwawa jioni tukimenya mahindi. Akifika Lugalo, Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski kinavyovamiwa na mikuki kutoka kila upande, alikuwa anainuka kwenye kigoda na kuigiza askari anayetafuta pa kukimbilia, tunacheka tunagaragara. Babu yetu alikuwa fundi wa kuchekesha. Akifika 1898, Mkwawa amefuatwa msituni mpaka akaamua kujiua kuliko kushikwa, sauti inashuka. Hakuna aliyemwambia ashushe sauti. Alikuwa anaacha kumenya, mikono anaiweka magotini. Nilipokwenda Kalenga na darasa letu nikaliona fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nilielewa kwa nini mikono ilikuwa inatulia.

Ndiyo maana nasema swali lako, kaka wa Uyole, halihusu nzito au nyepesi. Babu alikuwa vyote viwili jioni moja. Alichokuwa hafanyi ni kumcheka aliyeanguka upande wetu.

Na kama hujaiweka Black Panther ya 2018, iweke. Shuri anamtania kaka yake mfalme kuhusu viatu vyake, utani wa nyumbani kabisa, unamwona dada mdogo yeyote wa hapa Kihesa. Lakini Killmonger, adui wa huyo mfalme, anapokufa akitazama jua linazama, hakuna anayeropoka. Halafu wale walinzi wa mpakani wamejifunika mablanketi ya Wasotho na kuyageuza ngao. Watoto wako wa baridi, walivyojitanda mashuka, watapiga kelele mpaka mabati yatoke.

---

Mwalimu, Makambako

Naongeza dogo tu. Msidhani nyepesi maana yake ni ya watoto. Deadpool ya 2016 inachekesha kila dakika na kwao Marekani wameiwekea alama ya watu wazima, kwa damu na matusi. Logan ya 2017 ina alama hiyohiyo na haichekeshi. Kabla ya kuwaza utani, jua kwanza nani amekaa benchini. Wanangu shuleni Jumatatu wanaigiza walichokiona Jumapili, na wanaigiza pamoja na maneno ya mtafsiri. Wewe ni mwalimu mwenzangu, utake usitake.

---

Mtafsiri wa Uyole

Nawashukuru sana. Mzee, ushauri nimeupokea. Dada, la babu yako nimelisoma mara nne, nikamsomea na mama wa viazi.

Alhamisi nililipeleka shuka. Wanakaa ng'ambo ya mto, kwa bibi yao. Nilimwomba bibi samahani kwanza, kisha mtoto, nimechuchumaa tulingane. Hakusema kitu, akaupeleka mkono wa sweta mdomoni vilevile. Nikamwambia Jumamosi naiweka tena ileile, na pale sitasema neno, na kama hataki kuja asije.

Alikuja. Kaka wa Tunduma, ulingoni nilichekesha kuliko siku zote, nilimpa yule mtangazaji sauti ya mnada wa nguo za mtumba, watu wakalala chini. Ilipofika barabarani nikazima maiki. Nilibonyeza kitufe, nikaiweka mapajani. Mzee Ben anasema jina la Peter kwa Kiingereza, jina tu, halihitaji kutafsiriwa. Banda lilinyamaza kama dakika moja hivi, na mimi moyo unanidunda nikingoja watu watoke. Hakutoka mtu. Nje mama wa viazi aliacha kukoroga mafuta, nikasikia hata hayo. Nyuma huko mtu akapenga kamasi.

Nilipoiwasha maiki sauti yangu haikuwa sawa, nikaendelea nayo hivyohivyo.

Ilipoisha, yule mtoto akabaki benchini wenzake wakitoka. Akaniuliza mwizi alikamatwa? Nikamwambia Peter alimfuata mpaka kwenye jengo la zamani, mwizi akajikwaa akaanguka dirishani, akafa. Akafikiri kidogo.

"Na mzee?"

Nikamwambia mzee hakurudi. Akaitika kwa kichwa, akajifunga shuka lake mabegani, akaniuliza kesho ni muvi gani.