Tupeane uzoefu: vyakula vya kila siku vinavyolisaidia tumbo

Nafaka Nzima

Habari za leo wakuu. Uzi huu ni wa vyakula vya kawaida vinavyofanya choo kiwe laini, vinavyopunguza gesi na kuwalisha bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana. Naomba tushuke hadi kwenye vipimo: gramu ngapi, dakika ngapi, kipi huharibika na kwa nini. Ushauri wa "kula mboga kwa wingi" kila mtu anao na bado tumbo linamsumbua.

Naanza na nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauimeng'enyi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na matunda na mboga angalau gramu 400. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 11 hadi 15. Tofaa la wastani na ganda lake ni kama gramu 4, ndizi mbivu 3, gramu 40 za oti kavu 4, parachichi gramu 100 karibu 7. Majani ya saladi na tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo sahani ya kijani pekee haikufikishi. Kunde, maharage, dengu na nafaka zisizokobolewa ndizo zinazobeba hesabu.

Wengi huangushwa na haraka. Mtu aliyezoea gramu 10 anaruka hadi 30 kwa siku moja, tumbo linavimba, kesho anaacha kabisa na kusema maharage hayamfai. Ongeza kama gramu 5 kwa wiki, yaani takriban theluthi ya kikombe cha maharage yaliyoiva, kisha subiri tumbo litulie kabla ya kupanda tena. Na maji yaongezeke sambamba, maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukifanya choo kuwa kigumu zaidi.

Sufuria Kubwa

Asante mkuu kwa uzi. Mimi niingie kwenye maharage, maana hapo ndipo watu wengi hukata tamaa.

Gesi ya maharage inatokana na sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo zinafika nzima kwenye utumbo mpana na bakteria wanazichachusha. Sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Loweka saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharage, mwaga, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Mahali penye joto weka bakuli kwenye friji, la sivyo yataanza kuchacha na kutoa povu kabla hujawasha jiko.

Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha vikali, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu. Sumu hiyo huondolewa na mchemko wa nguvu. Dakika 10 za kutokota kwelikweli ndicho kiwango cha chini, na ukifika 30 uko salama zaidi. Jiko la umeme la kupika polepole halifiki joto hilo, kwa hiyo chemsha kwanza kwenye sufuria ndipo uhamishie humo.

Nyanya, ndimu na siki ziingie maharage yakishalainika. Asidi huyafanya magumu hata ukeshe nayo jikoni. Magadi soda yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini B1, na mimi siyashauri. Maharage yaliyokaa sana ghalani huweza kugoma kuiva hata ufanye nini.

Kijiko Kimoja

Sufuria Kubwa, swali dada: tukimwaga maji ya kuloweka si tunamwaga na madini?

Sufuria Kubwa

Kiasi fulani kinaondoka, ndiyo, lakini kingi kinabaki ndani ya punje. Kwa tumbo jepesi kukereka hasara hiyo inakubalika. Aliyezoea maharage anaweza kupika kwa maji yaleyale, isipokuwa mekundu, hayo mwaga. Anayeanza kabisa aanze na dengu zilizopasuliwa na kumenywa. Hazihitaji kulowekwa na zinaiva kwa dakika 20 hadi 30.

Chachu Safi

Wadau, nami nilete kabichi ya kuchachusha, kwa sababu wengi wanaifanya kwa kukadiria na inaoza.

Pima kabichi baada ya kutoa kiini na majani ya nje. Chumvi iwe asilimia 2 ya uzito huo: kilo 1 ya kabichi, gramu 20 za chumvi. Tumia mizani, usitumie kijiko, maana kijiko cha chumvi laini na cha chumvi ya mawe havilingani uzito. Katakata nyembamba, nyunyiza chumvi, kisha sugua na kukamua kwa mikono dakika 5 hadi 10. Utaona inanywea, inang'aa, na maji yanakusanyika chini ya bakuli. Shindilia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu, mimina maji yote iliyoyatoa, halafu weka kitu kizito na safi ili kabichi yote izame.

Hapo kwenye kuzama ndipo kazi yote ilipo. Bakteria wanaotengeneza asidi hawahitaji hewa, ukungu unaihitaji. Kipande kinachoelea ndicho mlango wa ukungu. Kifuniko kiwe kimelegea kidogo, au ukifungue mara moja kwa siku wiki ya kwanza ili gesi itoke.

Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi onja baada ya wiki mbili, itakomaa kwa wiki tatu au nne. Kwenye nyuzi 28 inakwenda mbio sana na inalainika, ihamishie friji mapema. Chumvi ikipungua sana, kabichi inateleza na kunuka; ikizidi asilimia 3, uchachu unasuasua. Utando mweupe bapa juu ya maji ni hamira ya mwituni, uengue tu. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au ya waridi, mwaga chupa nzima.

Kula kijiko kimoja kwanza, usiipike kama unataka bakteria hai. Mwenye shinikizo la damu akumbuke kwamba gramu 100 zina karibu gramu 2 za chumvi, na kiwango cha siku ni chini ya gramu 5.

Maziwa Mazito

Mtindi kwa ufupi: lita 1 ya maziwa, pasha hadi nyuzi 85 na ushikilie dakika 10 ili ugande vizuri. Poza hadi 43 au 45. Koroga vijiko viwili vya chakula vya mtindi hai usio na sukari, funika, acha saa 6 hadi 8 bila kutikisa. Ukitia mtindi huo wakati maziwa yana nyuzi zaidi ya 50 unawaua bakteria. Yakipoa sana unapata maji maji. Wanaosumbuliwa na maziwa mara nyingi huuvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wake husaidia kuivunja laktosi, yaani sukari ya maziwa.

Anayemeza antibayotiki aina ya tetrasaiklini au siprofloksasini asinywe pamoja na mtindi. Kalsiamu hushikana na dawa na kuzuia isifyonzwe. Saa za kutenganisha mwulize mfamasia.

Kijiko Kimoja

Na vitunguu je? Kuna watu hata kipande kidogo kinawajaza gesi.

Nafaka Nzima

Hao wanasumbuliwa na fruktani, aina ya wanga isiyomeng'enywa iliyomo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Inayeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta kwa moto mdogo, vitoe vyote, ndipo utie vitu vyenye maji. Ladha inabaki, gesi inapungua. Mafuta hayo ya kitunguu saumu yatumike siku hiyohiyo. Yakikaa kwenye joto la kawaida bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali inayopooza mwili, wanaweza kuota humo.

Sufuria Kubwa

Niongeze wali na viazi vilivyopoa. Vikipoa, sehemu ya wanga inakuwa sugu, inafika utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria. Ila wali usilale mezani. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, na sumu wanayoacha haiondoki ukipasha. Tandaza kwenye sahani pana upoe haraka, ingiza friji ndani ya saa moja, ule ndani ya siku moja, pasha mara moja tu.

Chachu Safi

Jamani, damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku, au choo kubadilika ghafla ukiwa na miaka zaidi ya 50: hapo usijaribu kabichi wala oti. Nenda hospitali wiki hiyohiyo. Kama choo ni cheusi kama lami, unatokwa na damu nyingi au unaishiwa nguvu, nenda saa hiyohiyo.