Ushauri: Kipindi cha saa moja kuhusu Iggy Pop baada ya The Stooges, nikipangeje?

MtangazajiUsiku
Wakuu, habari za muda huu. Nina kipindi cha redio saa 3 hadi saa 4 usiku, na safari hii namweka Iggy Pop, mwimbaji wa rock wa Marekani. Nataka kazi zake za peke yake tu, bendi yake ya zamani, The Stooges, niitaje kwa kupita. Nikitoa matangazo ya biashara nabaki na dakika 52. Wasikilizaji wangu wengi ni watu wa bongo fleva, dansi na rege, rock hawajaizoea, kwa hiyo sitaki wabadilishe stesheni dakika za mwanzo. Albamu ni nyingi mno, kuanzia 1977 mpaka 2023. Nianze na ipi, niruke zipi, na nyimbo gani hazifai hewani? Naombeni msaada wa wanaomjua vizuri.

SanturiNyeusi
Mkuu, usiende mwaka kwa mwaka. Ukizipitia albamu zote kwa zamu, kipindi kitageuka orodha ya majina na tarehe. Shika kitu kimoja, sauti yake. Kwenye The Stooges (albamu tatu, 1969 hadi 1973) anafoka na kupiga mayowe. Kwenye The Idiot, Machi 1977, ameshusha sauti hadi chini kabisa, anaimba taratibu kama mtu anayeongea peke yake chumbani. Sauti hiyo nzito ndiyo anayoirudia kila akitaka kubadilika: Avenue B (1999), Préliminaires (2009), Free (2019). Wasikilizaji wakiisikia mapema, kipindi kizima kitaeleweka.

Fungua na Nightclubbing ya The Idiot. Ni mashine ya ngoma na kinanda kinachojikokota, hakuna gitaa la kumshtua mtu. Na watu wa rege unawapata hapohapo, maana Grace Jones aliurudia 1981 akiwa na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare wa Jamaika, akaipa albamu yake jina hilohilo. Weka kipande kifupi cha Grace Jones kwanza, kisha ingiza wa Iggy. Watausikia kama wimbo wanaoujua uliovuliwa nguo.

Baada yake Lust for Life na The Passenger, zote za albamu ya pili ya mwaka uleule, iliyorekodiwa studio ya Hansa, Berlin. Mdundo wa Lust for Life una asili ya kusimulia: David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza aliyeshirikiana na Iggy kwenye albamu hizo mbili, na Iggy mwenyewe waliusikia kwenye mlio wa utambulisho wa televisheni ya jeshi la Marekani pale Berlin, Bowie akautafutia kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) kwenye ukulele, gitaa dogo, Hunt Sales akaupeleka kwenye ngoma. The Passenger ni wa mpiga gitaa Ricky Gardiner, kodi tano tu, Am F C G, kisha Am F C E, zinazunguka tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa na gitaa studio, zipige hewani mtu asikie jinsi ile E inavyouvuta wimbo urudi kwenye Am. Maneno yake yanatokana na safari za treni ya S-Bahn za Iggy mwenyewe.

Tahadhari moja: usiseme The Idiot iliiga albamu ya Bowie, Low, eti kwa sababu Low ilitoka Januari 1977. The Idiot ilirekodiwa kabla, kiangazi cha 1976, mwanzo ikiwa Château d'Hérouville, Ufaransa. Ilicheleweshwa tu kutoka.

FundiMitambo
Naongezea upande wa sauti. The Idiot ina giza. Hata Tony Visconti aliyeichanganya alipokea kanda zilizokwisha kurekodiwa vibaya. Ukiongeza sauti za juu ili ing'ae, utapata mvumo wa kanda tu. Iache ilivyo. Tatizo lako litakuwa kupishana na Every Loser ya 2023, ambayo imekandamizwa kisasa na ina kelele zaidi. Pima kila faili kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), zote zifikie kiwango kimoja kabla hujazipanga. Usisawazishe kwa kuangalia kilele cha wimbi, kitakudanganya.

Lust for Life ina zaidi ya dakika moja kabla hajaanza kuimba. Ongea juu ya zile ngoma, na umalize sekunde chache kabla ya sauti yake. Ila hakikisha una faili kamili la dakika 5 na kitu. Kuna matoleo yaliyokatwa mwanzo huo, utajikuta unaongea juu ya mashairi.

Achana na TV Eye Live ya 1978. Bowie yumo kwenye kinanda, lakini rekodi ni dhaifu, na kwenye redio ya gari haisikiki kitu.

Kuhusu maneno: Frenzy ya Every Loser inaanza na matusi mstari wa kwanza, usiiguse. Sixteen ni ya kumtamani binti wa miaka 16, nayo iruke. China Girl inataja swastika mara moja. Kwa saa 3 usiku inapita, lakini mwambie mhariri mapema.

Kinanda88
SanturiNyeusi yuko sahihi kuhusu sauti, ila kwa mpangilio wake kipindi kitakuwa cha Bowie. Weka New Values ya 1979. Bowie hayumo kabisa. Prodyuza ni James Williamson, mpiga gitaa wa Raw Power, albamu ya The Stooges. I'm Bored haifiki dakika 3 na inaonyesha kwamba Iggy alisimama bila mtu wa kumshika mkono. Mimi naiona albamu hiyo inadharauliwa bila haki. Soldier (1980) na Party (1981) ziruke, kampuni ilikuwa inamsukuma atafute hiti na inasikika.

Miaka ya 80 chagua Real Wild Child ya Blah-Blah-Blah (1986). Ni wimbo wa Johnny O'Keefe wa Australia, 1958, na uliingia kumi bora Uingereza. Kisha Candy ya 1990 na Kate Pierson wa The B-52's, prodyuza Don Was. Huo ni pop safi, uliofika nafasi ya 28 Marekani. Msikilizaji wa bongo fleva ataukubali kuliko wowote.

Halafu usiogope Kifaransa. Les feuilles mortes, kwenye Préliminaires, ndiyo sauti ile ya The Idiot ikiwa imezeeka. Mwaka 2012 alitaka kutoa Après, nyingi zikiwa nyimbo za Kifaransa, kampuni ikakataa, akaitoa mwenyewe. Taja hilo. Malizia na Gardenia ya Post Pop Depression (2016), aliyoifanya na wanamuziki Josh Homme na Dean Fertita, Matt Helders kwenye ngoma. Iggy alikuwa na miaka 68, na ndiyo albamu yake ya kwanza kuingia 20 bora za Marekani, nafasi ya 17.

MtangazajiUsiku
Asanteni sana wakuu. Nimepanga hivi: Nightclubbing, China Girl, Lust for Life, The Passenger, I'm Bored, Real Wild Child, Candy, Les feuilles mortes, Gardenia. Jumla kama dakika 38, maongezi 14. Kuna kasoro? Na nikikiweka mtandaoni kesho yake?

SanturiNyeusi
Hamisha China Girl. Ikifuata Nightclubbing unapata nyimbo mbili nzito mfululizo, zaidi ya dakika 9. Iweke baada ya I'm Bored na useme: waliutunga pamoja, ukatoka kwenye The Idiot bila kishindo, Bowie akaurudia 1983 kwenye Let's Dance, ukawa mkubwa, na mgawo wa mtunzi ukamwinua Iggy kifedha. Hapo Real Wild Child inaingia yenyewe, na unaokoa maelezo ya dakika mbili.

FundiMitambo
Mtandaoni usipandishe kipindi kizima. Leseni ya kituo kupiga muziki hewani haimaanishi una ruhusa ya kuuweka nyimbo zikiwa kamili kama podikasti, na YouTube inazitambua zenyewe. Rekodi maikrofoni yako kwenye traki tofauti siku ya kipindi. Baadaye utatoa nyimbo, utabaki na maongezi, na utaweka orodha ya nyimbo chini.