Krismasi mjini na watoto wadogo: tuwafanyie nini katika wiki hizi za kusubiri?

MamaWawili_Tabata

Wazazi wenzangu, habari za Desemba. Mwaka huu familia yetu haitapanda Moshi, kwa kuwa nauli na matumizi ya safari yamezidi uwezo wetu, na kwa hiyo tutakula Krismasi hapa hapa Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na kibaraza. Binti yetu ana miaka sita na mdogo wake wa kiume ana miaka mitatu. Shule zimefungwa, mchana wanashinda na bibi yao, na nikirudi kutoka kazini ninawakuta mbele ya televisheni, ambapo swali la kwanza ninaloulizwa ni kama Krismasi ni kesho. Ningependa kujua wenzangu mnafanya nini na watoto wa umri huu jioni na mwishoni mwa juma, ili siku hizi za kusubiri zenyewe ziwe na furaha, badala ya kuwekeza kila kitu katika nguo mpya na pilau ya tarehe 25. Fedha ni kidogo, na nyumba haina nafasi ya kuweka mti mkubwa.

Mwalimu_wa_Awali

Dada, ninafundisha darasa la awali, na swali la mwanao halinishangazi hata kidogo, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hana kipimo cha wiki. Ukimwambia "bado siku kumi na tano" ni sawa na kutomwambia lolote. Mpe kitu anachoweza kukiona kikipungua. Nunua pakiti chache za viberiti vidogo, njiti uzihifadhi mbali na mikono yao, kisha watoto wapake masanduku rangi au wayafunike kwa karatasi za kalenda ya mwaka unaoisha. Funga masanduku kwenye uzi, moja kwa kila siku iliyobaki hadi tarehe 24, na ndani ya kila moja weka kikaratasi chenye jambo la kufanya jioni hiyo: leo tunaoka karanga, leo tunampigia babu simu, leo tunacheza mdako kibarazani. Kuna watu wanaonunua kalenda za madukani zenye chokoleti, lakini kwa joto la Desemba la mji huu chokoleti hiyo utailamba kwa kijiko.

Kazi ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu mkubwa zaidi, ni pango la nyumbani lililofinyangwa na watoto wenyewe. Tafuta udongo wa mfinyanzi, uchanganye na mchanga laini kidogo ili usipasuke, na mkishafinyanga kondoo, punda, wachungaji na mamajusi, viacheni vikauke kivulini kwa siku kadhaa, kwa maana jua kali hukausha nje haraka huku ndani kukiwa bado na unyevu, na hapo ndipo miguu ya ng'ombe inapokatika. Asiyepata udongo anaweza kukanda vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, ingawa ninafahamu kwamba bibi wengi hawapendi kuona unga ukichezewa, na siwalaumu. Banda hujengwa kwa boksi la viatu na nyasi kavu.

Uhondo unaanza baada ya hapo. Hori linabaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto mdogo kuliko wote anamlaza Yesu ndani yake. Mamajusi wao wanaanzia mbali, pengine juu ya friji, na kila jioni watoto wanawasogeza hatua moja, wapite kwenye rafu ya vyombo, wavuke kochi, wala wasifike pangoni kabla ya sikukuu ya Tokeo la Bwana mwezi wa Januari. Nimeona watoto wakigombea zamu ya kuwasogeza kuliko wanavyogombea rimoti.

Baba_wa_Kigamboni

Naungana na Mwalimu, ila watoto hao wanahitaji pia kutoka nje, na mji wetu una mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Ninapendekeza Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo, ambako kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zikiwemo msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, na mtoto anaruhusiwa kuinama na kuingia ndani. Kwa familia ambayo mwaka huu haiendi kijijini, hiyo ni nafasi nzuri ya kumwonyesha binti nyumba ambazo amezisikia katika hadithi tu. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, hivyo wazazi wengi mnakuwa nyumbani. Nendeni asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.

Siku nyingine wapelekeni Posta kwa daladala, kisha mvuke Magogoni kwa kivuko na kurudi. Nauli ni ndogo sana, na kwa mtoto wa miaka mitatu meli inayobeba magari ni ajabu kuliko bembea yoyote ya kulipia. Mkirudi upande wa mjini, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, na lile la Kilutheri la Azania Front yako karibu karibu, kwa hiyo mnaweza kuyatazama yote mawili kwa miguu. Njiani wacheze mchezo wa kuhesabu mikrismasi, ile miti inayochanua maua mekundu msimu huu: anayeuona wa kwanza anapata pointi.

Mzazi_Makini

Niongeze jambo moja linaloweza kuonekana la kuharibu furaha. Msiwapeleke watoto kwenye disko toto, hata kama jirani anasema wake wanakwenda. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto wapatao 20 walipoteza maisha Tabora katika ukumbi uliojaa kupita kiasi. Kadhalika fukwe za mji huu hufurika siku ya tarehe 25 kiasi kwamba mtoto akikuponyoka mkononi, kumpata ni kazi. Kama mnataka Coco Beach, nendeni wiki mbili kabla, siku ya kazi ikiwezekana.

Shangazi_Kibosho

Wanangu, mmesahau jikoni. Binti wa miaka sita anaweza kuchambua mchele, kumenya njegere na kukata maandazi, na mdogo wake anaweza kupanga vikombe vya plastiki na kuonja, kazi ambayo hajawahi mtoto kuikataa. Jumamosi moja pikeni kashata za nazi, mziweke kwenye kopo lenye mfuniko, na watoto wachague wenyewe majirani watakaopelekewa, Waislamu na Wakristo, kwa sababu sahani ya Idd ilipokuja kwenu haikuuliza dini.

Kuhusu Moshi, kukosa safari kusiwe kukosa kwenu. Jioni zimeni televisheni na taa, muwashe mshumaa wa Majilio, wa kwanza, wa pili, hadi wa nne kwa kadiri ya Jumapili zilizopita, na bibi yao awatolee hadithi ya sungura na fisi kwa lugha ya nyumbani, hata kama watashika maneno matatu tu. Kisha wapigieni ndugu wa mlimani simu ya picha, na mtoto aombe kuonyeshwa ng'ombe zizini na Kibo ikiwa mawingu yamefunguka. Mimi huwa ninaizungusha simu kihambani mpaka wajukuu wa mjini wanachoka kabla yangu.

MamaWawili_Tabata

Shangazi, shikamoo, na ninawashukuru nyote. Viberiti nimekwisha kuvinunua. Nina wasiwasi mmoja kuhusu pango: mdogo hubomoa kila kitu anachojenga dada yake, na ninaona vita mbele yetu. Je, niwatenganishe?

Mwalimu_wa_Awali

Usiwatenganishe. Pango la dada liwekwe juu, mahali asipofika, na mdogo apewe zizi lake sakafuni lenye wanyama wa kuvunjika wa kutosha, pamoja na donge la udongo wenye unyevu lililofunikwa kwa mfuko wa nailoni, ili kila akivunja punda afinyange mwingine. Mamajusi wawe chini ya mamlaka ya wote wawili, kwa zamu, na zamu hizo mziandike ukutani.