Mama anataka kurudi kijiji cha pamba ambacho hakipo tena. Tumpeleke?

Wadau, naomba ushauri, hasa kwa mlio na wazee nyumbani.

Mama ana miaka 79, tunaishi naye hapa Umoja, Nairobi. Alitulea kwenye mradi wa pamba wa Hola, Tana River. Mwaka 1989 mto ulihama njia, pampu zikabaki kwenye mchanga, mashamba yakakauka, watu tukatawanyika. Kijiji chetu kilimezwa na mathenge, ile miti ya miiba.

Siku hizi akichambua mchele anasukuma chenga ukingoni mwa ungo, kana kwamba anatenga pamba ya daraja la chini: "Hii fifi, mkiichanganya na safi mtapunguziwa bei." Juzi alinishika mkono akaniuliza kama nimeshang'oa mabua ya pamba na kuyachoma, funza wa vitumba asije akalala humo hadi msimu ujao. Nikamjibu, nimeng'oa, mama. Usiku ule alilala vizuri.

Sasa kila siku ni "nirudisheni". Kaka anasema akikuta kichaka atavunjika moyo. Dada anasema tusimnyime. Nifanyeje?

Msafiri wa Tana: Mpelekeni. Piteni Mwingi, mlale Garissa, msimkimbize mzee na joto lile. Ila mjue mashamba ya mradi yalifufuliwa na yanalimwa mahindi. Mwambieni mapema, asije akaanza kutafuta pamba.

Bi Mkubwa: Mimi napinga, mwanangu. Marehemu baba tulimrudisha kwao Samia, naye alilima pamba. Alikataa kushuka garini. "Watu wako wapi?" Hilo tu. Mahali palikuwepo, wenzake hawakuwepo. Kwanza mtafutieni jirani wa zamani, hata mmoja.

Karani mstaafu: Safari au la, rekodini sauti yake sasa. Msimwambie "tupe historia", atanyamaza. Mpeni ungo, kisha mwulize kwa nini pamba haichumwi kabla umande haujakauka. Mengine yatakuja yenyewe. Halafu nendeni Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, mtafute pia kwa jina Galole. Hola iliitwa hivyo kwa muda baada ya mahabusu 11 wa Mau Mau kuuawa kwa kipigo, Machi 1959. Mifereji ile ilianza kwa jasho la mahabusu. Watoto wenu wajue hata hilo.

Msafiri wa Tana: Bi Mkubwa, hapo kwa jirani umenishinda.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Dada amempata jirani wetu wa mstari wa pili, yuko Garsen. Jana jioni tulimpigia, nikaweka spika. Mama alisikiliza sauti kidogo, akamwita kwa jina la utoto ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, akamwuliza, "Gunia langu la pamba ulililinda pale mizani?" Yule mama akajibu, "Nilililinda, likapimwa mbele yangu." Wakaendelea karibu saa nzima, Kiswahili na Kipokomo, simu yangu ikirekodi.

Tunasafiri Agosti. Tutafikia kwake Garsen kwanza, halafu waende Hola pamoja. Kaka amesema ataendesha yeye.